Wembe ni Uleule: Zana na Mbinu za Wachanja Chale wa Awali katika Morogoro na Milima ya Uluguru

Utangulizi

Mtafiti anayetafuta zana za wachora mwili wa Polinesia katika makumbusho ya ethnografia huzipata bila taabu kubwa. Hukuta kitana kidogo cha mfupa au cha jino la nguruwe kilichofungwa kwenye mpini, na kando yake kirungu chepesi cha kukigongea. Zana hizo hazikuwa na kazi nyingine, na umbo lake peke yake humweleza mtazamaji zilitumika kwa kazi gani. Mtafiti huyohuyo akigeukia vifaa vya Morogoro na Milima ya Uluguru, mambo hubadilika. Huko hukutana na visu, nyembe, pembe za kuumikia, vinoo na vibuyu vya mafuta, yaani vitu vya kinyozi, vya mganga na vya nyumbani. Ni rahisi basi kuhitimisha kwamba kazi ya kutia alama mwilini haikuwa na mafundi wala mbinu katika eneo hili.

Makala hii inapinga hitimisho hilo. Hoja inayotetewa ni kwamba mchanja chale wa awali hakuwa na zana ya peke yake kwa sababu kazi yake haikutenganishwa na kunyoa, kuumika na kutibu. Wembe ulikuwa mmoja. Tofauti kati ya alama ya urembo, alama ya utambulisho na alama ya dawa ilitokana na kina cha mkato, kitu kilichopakwa ndani yake na namna jeraha lilivyoachwa lipone. Kwa hiyo anayetafuta ushahidi hana budi kuutafuta katika maelezo ya wasafiri, katika msamiati wa Kiswahili na katika ngozi zenyewe, kabla ya kuutafuta katika makabati ya makumbusho.

Istilahi: chale, tojo na nembo

Kiswahili kilikuwa na maneno yake muda mrefu kabla ya kuazima neno tatuu. Chale ni mkato mdogo wa ngozi, uwe wa urembo, wa utambulisho au wa tiba. Tojo, litokanalo na kitenzi kutoja, ni mkato unaofanywa kwa nia ya kuacha kovu. Nembo ni alama inapotazamwa kwa upande wa maana yake kijamii, yaani kile ambacho jamii inakisoma juu ya mwili. Msemaji wa leo anayetaja Nembo ya Taifa, au nembo ya kampuni iliyochapwa juu ya gunia la sukari, hakumbuki kwamba neno hilo liliwahi kuishi usoni mwa watu.

Vitenzi vina ushahidi mzito zaidi ya nomino. Hina hupakwa au huchorwa, tatuu huchorwa, chale huchanjwa. Kuchanja ni kupasua, na ndicho kitenzi kinachotumika kwa kuni. Anayesema amechanjwa chale anataja tendo la makali, wala hataji kalamu wala rangi. Neno tatuu, kwa upande wake, lina asili ya Polinesia na liliingia katika lugha za Ulaya baada ya safari ya Kapteni Cook iliyofika Tahiti mwaka 1769. Linapotumiwa kutafsiri chale, linakuja na dhana ya sindano na wino, na papo hapo mbinu halisi ya Afrika ya Mashariki hupotea machoni. Kosa hili limo katika maandishi mengi, nalo si dogo: limewafanya watafiti watafute sindano mahali ambapo kulikuwa na wembe.

Morogoro kama njia panda ya alama

Eneo linalozungukwa na makala hii halikuwa na jamii moja yenye nembo moja. Waluguru walikalia miteremko ya milima. Wakutu walikaa upande wa kusini, Wakwere na Wazaramo mashariki, Wazigua kaskazini na Wakaguru magharibi. Juu ya hayo, njia ya misafara iliyounganisha pwani na Unyamwezi ilipita kandokando ya milima. Richard Burton na John Speke walifika Zungomero, karibu na Kisaki ya leo, mwaka 1857. Henry Morton Stanley alipita upande wa kaskazini mwaka 1871 na kuukuta mji wenye ngome wa Simbamwenni, ulioanzishwa na Kisabengo, chini ya milima. Maelfu ya wapagazi walipita njia hizo, wakilala, wakiugua na wakioa. Nyuso zenye alama za nchi za mbali zilikuwa jambo la kila msimu.

Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, upagazi ulianza kufifia, lakini mchanganyiko wa watu uliendelea kwa sura nyingine. Mkonge, uliokuwa umeletwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, ulihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana karibu, na mashamba ya Morogoro na Kilosa yaliwapokea vibarua kutoka mikoa ya mbali, wakiwamo watu wa kusini wenye nembo nzito za uso. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba aliyoandikishwa. Inafaa kusitishwa hapa kidogo. Mtu aliyekuwa na ukoo na nchi yake vimeandikwa usoni kwa makovu yanayosomeka hatua kumi mbali alipewa utambulisho wa pili, wa tarakimu, na karani hakuwa na haja ya kumtazama uso.

Kwa Waluguru wenyewe suala la utambulisho lilikuwa na mhimili tofauti. Jamii yao hufuata ukoo wa mama, na haki ya ardhi ilipitia katika ukoo huo, kama walivyoeleza Roland Young na Henry Fosbrooke katika kitabu chao cha mwaka 1960 kuhusu ardhi na siasa za Waluguru. Anayejulikana kwa mama yake, kwa jina la ukoo na kwa shamba lililoko bondeni hana haja kubwa ya kuthibitishwa na shavu lake. Kwa sababu hiyo makala hii inaona kwamba chale za mlimani zieleweke kwanza kama kazi ya tiba na kinga, na kwamba nembo za utambulisho zitazamwe zaidi kama jambo la barabarani, la watu waliokutana na wageni kila siku.

Shahidi wa mwaka 1857

Burton aliandika kwa dharau nyingi juu ya Waafrika, na sehemu kubwa ya hukumu zake haina thamani ya kitaaluma. Hata hivyo jicho lake kwa mambo ya ufundi lilikuwa kali. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 anaeleza alama ya Wanyamwezi, ambao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa misafara: mistari miwili ya mikato midogo midogo, ikishuka kutoka mwisho wa nyusi kupitia panjani hadi katikati ya shavu au hadi taya, na pengine mstari wa tatu ukishuka kwenye paji la uso hadi juu ya pua. Mikato hiyo, anasema, hukatwa na rafiki kwa kisu au wembe, na hufanana na alama za kuumika. Wanaume walipendelea rangi nyeusi, iliyopatikana kwa kawaida kwa makaa. Wanawake walipendelea rangi ya buluu.

Maelezo haya machache yana mambo matatu ya kuzingatia. La kwanza ni mkono uliofanya kazi: ulikuwa wa rafiki. Hapakuwa na lazima ya fundi wa kulipwa kwa mistari ya kawaida, ingawa hilo halimaanishi kwamba kila mkono ulikuwa sawa na mwingine. La pili ni zana, yaani kisu au wembe, kile kilichokuwapo mfukoni. La tatu, ambalo halijapewa uzito unaostahili, ni ulinganisho na kuumika. Mwumishi huchanja vijikato vifupi vilivyopangwa karibu karibu, kisha huweka pembe na kuvuta damu. Anayejua kuumika tayari anajua kupanga mikato kwa kina kilekile na umbali uleule, tena juu ya ngozi ya mtu anayetetemeka. Hayo ndiyo mazoezi ya mchanja nembo. Kuumika kulienea kiasi kwamba kupiga chuku, msemo uliohusu pembe ya kuumikia, sasa ni msemo wa kutia chumvi katika habari.

Rangi ya buluu inahitaji tahadhari. Msomaji anaweza kudhani kwamba wanawake walikuwa na dawa ya pili, tofauti na makaa. Lakini unga wa makaa ukikaa ndani ya ngozi huweza kuonekana wa buluu kwa sababu mwanga hutawanyika unapopita tabaka zilizo juu yake. Alama za buluu peke yake, basi, si ushahidi wa rangi nyingine. Zinaweza kuwa ushahidi wa mkono uliokata kwa kina tofauti.

Wembe na kijembe

Chuma hakikuwa kigeni Morogoro. Utafiti wa Randi Håland na Charles Msuya huko Dakawa, uliochapishwa katika jarida la Azania mwaka 2000, umeonyesha kwamba kazi ya chuma katika uwanda huo ni ya enzi za kale, mamia mengi ya miaka kabla ya misafara ya pembe. Wembe uliofuliwa na mhunzi ulikuwa kipande chembamba cha chuma, kilichonolewa juu ya kinoo mara kwa mara. Kwa kunyoa ulihitaji ukingo mrefu. Kwa kuchanja ilitosha ncha. Ndipo linapokuja neno kijembe, udogo wa wembe, yaani kisu kidogo cha kazi ya makini. Leo neno hilo linajulikana zaidi kwa maneno ya kuchoma yanayorushwa katika mipasho, na ulinganisho huo ni sahihi kabisa kiufundi: kijembe hakikati kwa nguvu, kinakata kwa kulenga.

Mbali na chuma, kulikuwa na mwiba. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki makovu ya mviringo, yanayojitokeza kama punje za mahindi, yalipatikana kwa kuinua ngozi kidogo kwa mwiba au ndoana na kisha kukata kilele chake kwa wembe. Mwiba haukuchora wala haukutoboa ili kutia rangi, ulishika. Kadiri ngozi ilivyoinuliwa juu, ndivyo kovu lilivyokuwa pana.

Kukata, kupaka na kuacha

Kiini cha mbinu hizi kinaeleweka pale mtu anapozingatia ngozi waliyoifanyia kazi wachanja chale. Wino wa tatuu hukaa chini ya tabaka lenye rangi ya asili ya ngozi, na juu ya ngozi nyeusi rangi hiyo ya asili huufunika kama pazia. Mstari mwembamba wa makaa ulio wazi kwenye ngozi ya Mzungu hufifia kwenye ngozi ya Mluguru. Kuna njia mbili za kulikabili tatizo hilo: kuzidisha makaa ndani ya mkato ulio wazi, au kuachana na rangi na kutegemea umbo. Kovu lililotuna hutupa kivuli, huonekana kwenye mwanga wa moto, na husomeka kwa vidole gizani. Wachanja chale walizitumia njia zote mbili, mara nyingi pamoja.

Hatua ya kukata ilitaka ngozi ivutwe kwa vidole vya mkono wa kushoto hadi ikaze. Ngozi iliyolegea hukimbia mbele ya makali, na mkato hutoka umepinda. Kina ndicho kilichopima ustadi. Mkato usiovuka tabaka la juu hupona bila kuacha kitu. Mkato unaofika kwenye mafuta hutoa damu nyingi na huchelewa kupona. Nafasi iliyo kati ya hayo mawili haifiki unene wa kucha chache, na hubadilika kutoka paji la uso, ambako mfupa uko karibu, hadi tumboni, ambako ngozi ni laini na nene.

Hatua ya pili ilikuwa kupaka. Masizi, makaa yaliyosagwa au majivu ya mizizi iliyochomwa yalisuguliwa ndani ya mikato ikingali mibichi, aghalabu yakiwa yamechanganywa na mafuta ya nyonyo ili yashike. Unga huo ulifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: uliacha rangi, na ulizuia kingo za jeraha zisikutane upesi. Jeraha lililocheleweshwa hujaza nyama zaidi, na kovu huinuka. Hapa ndipo anayeangalia zana peke yake anapokosa jambo kubwa, kwa maana sehemu ya uchongaji ilifanywa baada ya wembe kuwekwa chini. Mwili wenyewe ulimalizia kazi, kwa majuma kadhaa, na fundi aliuongoza kwa kukata tena mahali palepale au kwa kupaka tena. Wapo watu ambao ngozi yao hutuna kupita kiasi hata kwa jeraha dogo, na fundi mwenye busara alilijua hilo kwa kutazama makovu ya zamani ya mteja kabla ya kuanza.

Ulinganisho na Wamakonde unasaidia kuonyesha mbinu hiyohiyo ikiwa imefikishwa mbali. Kwao nembo huitwa dinembo, na kazi ilikuwa ya mpundi, yaani fundi, aliyetumia kisu kidogo kiitwacho chipopo na masizi ya nyonyo, kwa vipindi kadhaa, mpaka mistari ya buluu iliyokolea ikasimama usoni. Karl Weule aliyasafiri maeneo ya Newala na Masasi mwaka 1906 na kupiga picha nyingi za watu wenye alama za aina hiyo. Ushahidi wa Wamakonde umesalia pia katika vinyago vya kichwani vya ngoma ya mapiko, ambavyo nembo zake huchongwa au hubandikwa kwa nta. Uluguru haina ushahidi wa namna hiyo. Mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kinachohusishwa na malezi ya mwali miongoni mwa Waluguru, Wakwere, Wazaramo na majirani zao, ni kiwiliwili kisicho na mikono wala miguu, na mkazo wake uko kwenye kichwa chenye mashungi. Kukitumia kuthibitisha au kukanusha chale za watu ni kukibebesha mzigo ambao hakikuchongwa kuubeba.

Chale za dawa

Mganga alipochanja, utaratibu ulikuwa uleule: wembe, mikato mifupi ya sambamba, unga mweusi wa dawa. Kilichobadilika ni mahali. Chale za kinga huwekwa kwenye viungo, kifuani, mgongoni na katika paji la uso, sehemu zinazohesabiwa kuwa malango ya mwili. Chale za tiba huwekwa pale panapouma. Mtoto aliyevimba bandama kwa homa za mara kwa mara alichanjwa upande wa kushoto chini ya mbavu, na daktari wa hospitali aliyemvua shati miaka mingi baadaye aliweza kuusoma ugonjwa wa utotoni katika safu ya makovu madogo. Udugu wa damu nao ulifungwa kwa mkato, na Kiswahili kikautungia kitenzi cha kutendana: kuchanjiana.

Kwa kuwa lengo la mganga lilikuwa kuingiza dawa, kovu kwake lilikuwa masalio tu ya kazi. Hakulikuza wala hakulipamba. Ndiyo maana chale za dawa ni fupi, hafifu na huonekana kwa anayezitafuta. Lakini mkono uliozichanja ulikuwa na uwezo wa kuchanja nembo, na mkono uliochanja nembo uliweza kutia dawa. Kuzigawa kazi hizi katika sura mbili, ya sanaa na ya tiba, ni utaratibu wa waandishi.

Kutoka chale hadi chanjo

Serikali za kikoloni zilipoleta kinga ya ndui, mhudumu alikwaruza ngozi ya mkono kwa makali madogo na kusugua dawa juu ya mkwaruzo. Watu walitazama na wakalipa tendo hilo jina walilokuwa nalo tayari: kuchanjwa. Hadi leo Wizara ya Afya husema chanjo, hata kwa dawa ya matone inayotiwa mdomoni ambayo haina mkato wowote. Ndui ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imetokomezwa mwaka 1980, lakini kovu lake la begani lingalipo kwa wazee, pengine sentimita chache kutoka chale ya mganga. Makovu hayo mawili yana historia moja ya mbinu, na msamiati umeitunza vizuri kuliko kumbukumbu za maandishi.

Mabadiliko makubwa zaidi ya zana hayakutokana na mashine ya umeme ya kuchorea tatuu, iliyosajiliwa na Samuel O'Reilly huko New York mwaka 1891 na ambayo imefika katika saluni za mijini kwa kuchelewa sana. Yalitokana na kiwembe cha dukani, chembamba, cha bei ndogo, chenye makali pande mbili. Kilimwondolea mchanja chale utegemezi kwa mhunzi na kwa kinoo. Kilimpa pia ukingo mkali kuliko aliouzoea, unaopenya kabla mkono haujahisi, na mikato yake ikawa membamba, ya haraka na isiyotuna kwa urahisi.

Hata hivyo kiwembe kiliendelea kutumiwa kwa zaidi ya mtu mmoja, kama ulivyotumiwa wembe wa mhunzi kabla yake. Usemi wa mitaani kwamba wembe ni uleule, unaotumiwa kumtahadharisha mtu kwamba yaliyompata mwenzake yatampata na yeye, unatokana na hali halisi: watu wengi, makali mamoja, wakisubiri zamu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata elimu ya afya ilikazania sana kutochangia nyembe na vitu vingine vyenye ncha kali. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwaweka waganga chini ya baraza la usajili. Makaa, majivu na mafuta ya nyonyo vilibaki kama vilivyokuwa, na mpangilio wa mikato haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba anayekwenda kuchanjwa hupitia kwanza dukani, akanunua kiwembe chake, na kumkabidhi mganga kikiwa bado kimefungwa katika karatasi yake.